Jibu: Enda Kenny alirithishwa kiti cha baba yake?

Mkuu, umeuliza kama Enda Kenny, waziri mkuu wa zamani wa Ireland, alirithishwa ubunge na baba yake. Kiti alikigombea, ila jina la mzee lilimbeba, tusidanganyane. Baba yake, Henry Kenny, mbunge na mchezaji wa kikosi cha kaunti ya Mayo kilichotwaa ubingwa wa kandanda ya Kiayalandi 1936, alifariki 1975. Enda, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 24, akashinda uchaguzi mdogo mwaka huohuo, akakaa bungeni hadi 2020. Uwaziri mkuu aliusubiri zaidi ya miaka 35! Kwangu kinachonoga ni ndoa: mwaka 1992 alimwoa Fionnuala O'Kelly, aliyewahi kuwa afisa habari wa Fianna Fáil, mahasimu wakubwa wa chama chake, Fine Gael. Wakajaaliwa watoto watatu.