Jaji alilizuia agizo la rais, mbona zuio halikudumu?

SWALI: Nafanya kazi idara ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, chama chetu cha wafanyakazi ni NTEU. Machi 2025 rais alitoa agizo la kufuta majadiliano ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi na mwajiri katika taasisi nyingi, na ada ya chama haikatwi tena kwenye mshahara wangu. Jaji Paul Friedman wa Washington alilizuia Aprili 25, lakini Mei 16 mahakama ya rufani ikasimamisha zuio lake. Jaji ana kazi gani basi?

JIBU: Ndugu, kwa kawaida jaji wa wilaya kama Friedman, yaani wa mahakama iliyo chini ya ile ya rufani, si mlango wa kwanza. Sheria ya 1978 iliikabidhi migogoro hii FLRA, mamlaka ya mahusiano ya kazi ya serikali kuu. Lalamiko dhidi ya mwajiri hupelekwa huko ndani ya miezi 6, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kwenda moja kwa moja mahakama ya rufani. Mwaka 2018 vyama viliiruka FLRA vikashinda mbele ya Jaji Ketanji Brown Jackson. Mwaka uliofuata ushindi ukafutwa kwa kuwa jaji huyo hakuwa na mamlaka ya kuisikiliza kesi.

Safari hii ni tofauti. Kifungu cha 7103(b) cha sheria hiyo ya 1978 kinamruhusu rais kuiondoa taasisi kwenye sheria yenyewe ikiwa kazi yake kuu ni ujasusi, upelelezi au usalama wa taifa. Ikishaondolewa, FLRA haiigusi tena, ndiyo maana chama kilikwenda kwa jaji. Naye hakuulizwa kama agizo ni zuri. Aliulizwa kama kukusanya kodi, kwa mfano, kunaingia katika maneno ya kifungu hicho.

Kilichoangusha zuio ni ushahidi wa madhara. Zuio la muda hudai madhara yasiyoweza kufidiwa baadaye. Majaji wawili kati ya watatu wa rufani walisema ada zilizopotea zinaweza kudaiwa baadaye, na serikali ilikuwa imeziagiza taasisi zisivunje mikataba hadi kesi iishe. Kwa maoni yangu hoja hiyo ilipuuza hali halisi: chama kisicho na ada hakina mawakili wala wawakilishi leo, na fidia ya miaka ijayo haimrudishii mtu kikao cha nidhamu alichoingia peke yake.

Kwa hiyo tunza hati za mshahara za kabla na baada ya Machi, pamoja na kila barua inayokunyima mwakilishi au kukataa lalamiko lako, ikiwa na tarehe. Mpe wakili wa chama nakala. Hizo ndizo huambatanishwa na hati ya kiapo. Na usigome: sheria inakataza, na 1981 waongozaji ndege zaidi ya 11,000 walifukuzwa kwa kugoma.