Ini linaloonekana kama plastiki

Ndugu yangu, unasema madaktari wanafunzi hapa Nairobi wanalalamika kwamba ini lililochorwa katika programu yako ya kompyuta ya mafunzo ya upasuaji linafanana na plastiki. Anza na taa. Katika upasuaji wa matundu madogo, mwanga hutoka ncha ile ile ya kamera: vivuli karibu havionekani, na umbali ukiongezeka maradufu, mwanga hubaki robo. Zima taa zote za pembeni katika programu. Kisha liloweshe ini. Nyama hai ina majimaji juu yake, kwa hiyo mng'ao huwa mkali, umekatikakatika, na husogea kamera ikisogea. Moshi wa kisu cha umeme pia, tafadhali, usisahau kuuweka. Mwombe daktari video halisi isiyo na jina la mgonjwa, uiweke kando ya kazi yako.