Kama represa iko, atenuesheni ni ya nini?

SWALI: Mwalimu, niko chuo huku Kakamega. Tumefundishwa kwamba kwa bakteria E. coli triptofani (asidi amino moja) ikijaa inashikana na represa (protini ya kuzima jeni), represa inakalia opereta (kipande cha DNA mwanzoni mwa jeni), jeni za kutengeneza triptofani zinazima. Sasa kama hiyo inatosha, atenuesheni, ile ya kukatiza uandishi wa RNA ikiwa imeshaanza, ni ya nini?

JIBU: Dadangu, hapo ndio wengi hukwama, juu wanadhani ni breki mbili za kazi moja. Sivyo, kila moja inapima kitu yake.

Represa inapima triptofani iliyo huru ndani ya seli, basi. Lakini ribosomu, mashine ya kuunda protini, haiwezi tumia triptofani ikiwa huru, inataka ile imeshapakiwa kwa tRNA, molekuli ya kubeba asidi amino. Chukua soko la Kibuye hapa Kisumu, viazi zinaweza kuwa zimejaa lakini kama boda hazijapakia, mama wa hoteli kule Kondele hana cha kupika. Atenuesheni inaangalia boda.

Inaangalia aje? Kabla ya zile jeni tano, trpE mpaka trpA, kuna kipande kifupi cha RNA chenye kinatengeneza peptaidi ya asidi amino 14 tu, na ya 10 na ya 11 zote ni triptofani, na wewe unajua vile triptofani huwa adimu kwa protini, kwa hivyo mbili zikifuatana hivyo ni mtego kabisa. Ukumbuke pia bakteria hana nyuklia, ribosomu inasoma RNA wakati polimeresi (kimeng'enya cha kuandika RNA) bado anaiandika, wanafuatana unyounyo. Hicho kipande kifupi kina sehemu nne, 1 mpaka 4, zenye zinaweza kujikunja mbili mbili. tRNA zikiwa zimepakiwa ribosomu inapita mbio mpaka inafunika sehemu ya 2, so 3 inajikunja na 4 na huo mkunjo unamwangusha polimeresi kabla afike trpE. Zikikosa mzigo, ribosomu inakwama pale kwa zile kodoni mbili za triptofani (kodoni ni herufi tatu za RNA zinazotaja asidi amino moja) ikiwa juu ya sehemu ya 1, ya 2 inawahi kushikana na 3, ya 4 inabaki pekee, polimeresi anaendelea na safari. Chora hii kwa mkono mara tatu, tafadhali, kusoma pekee haitoshi.

Kwa nguvu, represa inapunguza kama mara 70, atenuesheni kama mara 10. Maabara ya Charles Yanofsky kule Stanford waliona wakikata kipande kilicho kati ya opereta na trpE, jeni zinafanya kazi zaidi hata kwa bakteria wasio na represa.

Halafu angalia operoni (kundi la jeni zinazoandikwa pamoja) ya histidini, asidi amino nyingine: kodoni saba za histidini mfululizo, na represa yake haiko kabisa.