Mafundi sita wa jiji la Oslo

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: ni jengo gani la manispaa au halmashauri, popote duniani, ambalo mwananchi wa kawaida akilitazama anajiona yumo? Langu ni Rådhuset, makao ya serikali ya jiji la Oslo, Norwe.

Najua waliowahi kupita pale watashangaa. Kwa nje halibembelezi macho. Ni minara miwili minene ya mraba, mmoja una mita 66 na mwenzake 63, yote ya matofali ya hudhurungi, na wenyeji wenyewe wanaitania kuwa ni vipande viwili vya jibini lao la kahawia. Lakini zungukeni upande wa kusini, unaotazama bahari. Pale mbele zimesimama sanamu sita, kazi ya msanii Per Palle Storm, na si za wafalme wala mameya. Ni mafundi wa ujenzi, kila mmoja na fani yake, wamevaa nguo za kazi.

Mimi kazi ya kwanza kulipwa nayo ilikuwa ya saidia fundi. Nimebeba zege hadi majengo yakaisha, likaja bamba la mawe likapachikwa ukutani, na jina lililochongwa likawa la mgeni rasmi. Ndiyo maana sanamu zile zilinisimamisha kabla sijaingia ndani.

Historia yenyewe ni ndefu. Wazo lilitolewa mwaka 1915 na Hieronymus Heyerdahl, aliyewahi kuwa meya. Alitaka mambo mawili kwa mpigo: jiji lipate makao yenye hadhi, na mtaa wa Pipervika uliokuwa pale ufukweni, wenye nyumba zilizobanana na sifa mbaya, uondoke. Ukaondolewa kweli. Yeyote aliyeamka akakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yake anajua hadhi ya jiji hulipiwa na nani, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa kuwa tu jengo limependeza.

Mwaka 1918 wasanifu Arnstein Arneberg na Magnus Poulsson walishinda shindano la ramani. Fedha zikakosekana. Miaka ikapita, ramani ikachorwa upya zaidi ya mara moja, na kwa maoni yangu kuchelewa huko ndiko kulikoliokoa jengo. Ramani ya mwanzo ilifuata mtindo wa kizalendo uliotamba Skandinavia wakati ule, wenye kuenzi majengo ya kale. Hadi Mfalme Haakon VII anaweka jiwe la msingi mwaka 1931, usanifu mpya usiotaka mapambo ulikuwa umeshaingia. Wakachanganya. Umbo likawa la kisasa, mistari imenyooka, ofisi zimepangwa juu kwa juu ndani ya minara, ila matofali yakafyatuliwa makubwa kuliko ya kawaida ya siku zile, yakikaribia vipimo vya zama za kati. Aliyewahi kushika mwiko ataelewa: ukubwa wa tofali hubadili sura nzima ya ukuta, hata kama ramani ni ile ile.

Kisha vita. Wajerumani waliivamia Norwe mwaka 1940, na jengo halikuzinduliwa rasmi hadi tarehe 15 Mei 1950, jiji lilipoadhimisha miaka 900.

Ndani, ukumbi mkuu umechorwa karibu kila upande. Mchoro wa msanii Henrik Sørensen peke yake una upana wa mita 24 hivi na kimo cha mita 12, na mada yake ni kazi, utawala na sherehe. Kazi imetangulia, mtaona. Alf Rolfsen naye alichora miaka mitano ya kukaliwa na Wajerumani, hadi ukombozi wa 1945. Kuna anayesema michoro imezidi, macho hayapati pa kupumzika. Nakubaliana naye kidogo. Ila ni ukuta wa jiji unaosimulia watu waliofanya kazi na watu walioonewa, na hilo silioni mara nyingi kwenye ofisi za umma, ambako ukutani hukuta picha ya kiongozi na kalenda ya mwaka jana.

Tangu 1990, tarehe 10 Desemba, Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kawaida hutolewa katika ukumbi huo. Wangari Maathai aliipokelea hapo mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya Dkt. Denis Mukwege wa Bukavu, Kongo, pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Siku za kawaida ukumbi huo huo mnaingia bure, na madiwani wanakutana katika jengo hilo hilo kubishania bajeti.

Sasa na mimi nina swali kwa wasomaji wenzangu. Kama kuna halmashauri huku kwetu iliyowahi kumchonga fundi, au hata kuandika majina ya mafundi kwenye bamba la uzinduzi, tuandikieni ni ipi. Nauli nitajitafutia mwenyewe.