Maswali ya Wasomaji: Maji Yanayokimbia Kwenye Lami

SWALI: Nabeba abiria kati ya Kibaigwa na Gairo. Kuanzia saa tano asubuhi naona maji yametanda kwenye lami huko mbele, na gari linalokuja linaonekana limepinduka ndani yake. Nikisogea, nayo yanasogea. Je, macho yangu yana tatizo? Na mbona kwenye barabara ya vumbi siyaoni?
*Dereva wa bodaboda, Kibaigwa*

JIBU: Macho yako ni mazima. Piga picha kwa simu, na "maji" hayo yatatokea pichani vilevile. Hayo ni mazigazi, wengine huyaita sarabi: mwanga halisi wa anga uliopindishwa na hewa kabla ya kukufikia.

Mwanga ukipita kwenye hewa yenye joto tofauti hupinda kuelekea upande wa hewa baridi, iliyo nzito zaidi. Lami ya mchana wa Oktoba hufika nyuzi joto 60, huku hewa ya usawa wa kichwa chako ikiwa 30 hivi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imejibana kwenye sentimita chache za chini kabisa. Mwanga wa anga unaoshuka kwa pembe ndogo sana na ardhi ukifika hapo hupinda kidogo kidogo kwenda juu mpaka ukuingie machoni. Wewe unauona kana kwamba umetoka ardhini, na rangi ya anga ikiwa ardhini akili huisoma kuwa maji. Darasani wengine hufundishwa kwamba tabaka la moto huakisi mwanga kama kioo. Hapana, hakuna uso wowote pale. Njia ya mwanga inakunjika polepole mwanzo hadi mwisho.

Mpindo wenyewe ni mdogo mno. Kwa joto tulilotaja, na kwa mwinuko wa Dodoma wa mita 1,100 hivi, mwanga unarudi juu ikiwa tu unakutana na lami kwa pembe isiyozidi nyuzi 0.37. Macho yako yakiwa mita 1.2 juu ya lami, maji yataanzia kama mita 190 mbele. Dereva wa basi aliyekaa mita 2.2 juu atayaona kuanzia mita 340. Pembe haibadiliki, kwa hiyo ukisogea mita kumi nayo yanasogea mita kumi. Ukikaribia kilele cha mwinuko yatakuja karibu zaidi, maana lami inapanda kuufuata usawa wa macho.

Barabara ya vumbi nayo hupata joto, ila mashimo na matuta yake huziba mstari mlalo kiasi hicho, na rangi yake hafifu hunywa jua kidogo kuliko lami. Kwenye tambarare za Bahi wakati wa kiangazi mazigazi huonekana hata pasipo lami. Upepo mkali huyavuruga kwa sababu huchanganya hewa ya moto na ya juu.

Zingatia hili unapotaka kuovateki: mazigazi hayaongezi tu kitu kisichokuwepo, huficha pia kilichopo. Mbali, chini ya mstari fulani, mwanga wa vitu vya ardhini haukufikii kabisa. Magurudumu ya lori hupotea, na mbuzi aliyelala barabarani anaweza asionekane. Lami inayong'aa kwa mbali usiihesabu kuwa tupu.

SWALI: Naweza kuwaonyesha wanafunzi mpindo huu darasani bila maabara? Na nani aliueleza kwanza?
*Mwalimu wa sekondari, Bahi*

JIBU: Maelezo yanayojulikana zaidi ni ya Mfaransa Gaspard Monge, aliyekuwa Misri na msafara wa Napoleon mwaka 1798.

Kuhusu jaribio, tafuta chombo cha kioo chenye urefu wa sentimita 30 au zaidi, ukijaze maji safi kimo cha sentimita 8. Yeyusha kilo 1 ya sukari kwenye lita 2 za maji ya moto, acha yapoe, kisha yapitishe kwenye mpira mwembamba uliofika sakafu ya chombo, taratibu sana. Acha vitulie kwa muda wa saa tatu hadi usiku mzima. Elekeza leza ndogo kwa mlalo kwenye eneo la mchanganyiko. Mwale utakunjika kuelekea chini, kwenye sukari nyingi. Waambie wanafunzi mapema kwamba barabarani ni kinyume: huko hewa nzito iko juu.

Jaribio likikataa, mara nyingi maji ya sukari yalimiminwa kwa haraka yakachanganyika yote. Mwale usipoonekana, tone mbili za maziwa zilizokorogwa kwenye maji safi mwanzoni zinatosha. Ukizidisha, mwanga unasambaa wote. Leza isielekezwe machoni mwa mtu.

SWALI: Mchana namba za stafu (fimbo ndefu yenye vipimo) zinacheza kwenye mashine ya leveli (darubini ya kupimia tofauti za kimo), na mzunguko haufungi, yaani nikirudi nilipoanzia vipimo havilingani. Nifanye nini?
*Mpima ardhi, Chamwino*

JIBU: Huo ni mpindo uleule wa mwanga, ila hewa inapochemka unabadilika kila sekunde. Mstari wa kuona usishuke chini ya nusu mita kutoka ardhini, kwa hiyo usisome sehemu ya chini ya stafu. Punguza umbali wa mashine na stafu hadi mita 30. Umbali wa stafu ya nyuma na wa stafu ya mbele uwe sawa, makosa mengi yatafutana.

Kwenye mteremko hata hilo halitoshi: upande wa juu mstari unapita karibu na ardhi, upande wa chini uko juu hewani, na mpindo haulingani. Hapo kosa linaelekea upande mmoja kila unapohamisha mashine, likajikusanya. Vipande vya mteremko vifanye kabla ya saa tatu asubuhi au siku ya mawingu, na tambarare uziache kwa muda unaobaki.