Metre, mama alianguka ndani ya shimo la shantie, na sasa mwenye nyumba analeta karatasi ya kusaini

SWALI (kijana wa Ruashi, Lubumbashi): Jambo Metre. Mama yangu anauzisha mikate pa soko. Mwezi wa tatu, siku moja mangaribi, kura (umeme) ilikuwa imekatika, akitoka soko akaanguka ndani ya trenshe yenye walichimba pembeni ya barabara, mbele ya nyumba ya etaji yenye wanajenga. Hakukuwa kamba, hakukuwa taa, hata matawi ya miti hawakuweka. Mguu ulivunjika fasi mbili. Sasa miezi ine imepita na angali anatembea na fimbo. Mwenye nyumba alileta dolari 150 siku ya kwanza, juzi amerudi na zingine 200 pamoja na karatasi ya desharji, anataka mama asaini kama mambo imeisha. Baba mkubwa anasema tupokee tu, mtu mwenye makuta hauwezi kumshinda pa tribinali. Na polisi wenye tuliendea walitwambia tulete makuta ya transporti kwanza. Tumechelewa? Tuanzie wapi?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza umpe mama pole, na pili, mbele hata ya kumaliza kusoma, ile biki muiweke mbali na mama. Nitaeleza kwa nini.

Ile karatasi wanaita desharji, kwa sheria yetu inaweza kuhesabika kama transaksyoni, ni kusema mapatano ya kumaliza palabre, na mapatano ya namna ile kati yenu na yeye yanakuwa na nguvu kama hukumu ya mwisho. Kesho ukienda pa juji kulalamika, avoka wake atatoa tu ile karatasi ndani ya dosie yake, basi. Kuna njia ya kuivunja, kama mtu alidanganywa ao alilazimishwa, lakini ni wewe njo utaleta pruvu (ushahidi), na mama mwenye alisaini mbele ya majirani wawili huku mtu anahesabu dolari juu ya meza, utasema alilazimishwa namna gani? Nimeona hii mara nyingi, na mara nyingi ni pale lopitali yenyewe, mugonjwa hawamuachi kutoka juu faktire haijalipwa, njo pale mukubwa wa shantie ao chofere anafika na makuta mkono mmoja, karatasi mkono mwengine. Mtu anasaini apate tu kurudi nyumbani. Kliyanti mmoja alisaini hivyo kwa dolari 180, mfupa ukaunga vibaya, ikabidi wafungue tena waweke chuma, na ile ya pili alilipa na likelemba (makuta ya kuchangiana kwa zamu) ya dada yake.

Juu ya hiyo, kamwe usimalize hesabu mbele muganga hajasema kama hali ya mgonjwa imetulia, yaani imefika pale haiwezi tena kubadilika sana, wao wanaita konsolidasyoni. Mguu wenye umevunjika fasi mbili, kwa miezi ine na fimbo, hauko pale bado. Utahesabu nini na haujui kama atatembea sawa?

Lakini sikusema mkatae makuta, hapana, mama anakula na dawa inauzwa. Pokeeni, na karatasi muandike nyinyi. Hivi: « Leo tarehe fulani, nimepokea kwa Bwana fulani dolari 200, avansi kwa matunzo ya mguu wangu uliovunjika ndani ya shimo la shantie yake, avenue fulani, tarehe fulani. Siyo malipo ya mwisho, haki zangu zingine zote zinabaki. » Wote wawili wasaini, mashahidi wawili, kila mtu na kopi yake. Akikataa kusaini hii na anataka tu ile yake, umeisha kujua alikuja kununua nini. Na zile 150 za kwanza, kama hakukuandikwa kitu, mumtumie mesaji ya heshima: « Papa, tunakushukuru kwa dolari 150 ulitusaidia nazo tarehe fulani kwa mguu wa mama. » Akijibu « hakuna shida », usifute ile mesaji.

Sasa sheria. Code civil yetu, kitabu cha tatu, ni dekreti ya tarehe 30/07/1888, ya zamani sana lakini ingali inakata kesi kila siku. Artikle 258 inasema mtu akifanya kitu na kikaletea mwengine hasara, mwenye kosa arudishe ile hasara. 259 inaongeza kama siyo tu kwa kitu ulifanya, hata kwa uzembe ao kukosa uangalifu wako. Na 260 inaenda mbali zaidi, unajibia pia watu wenye wanafanya kazi chini yako na vitu vyenye viko chini ya ulinzi wako. Hii 260 njo tamu kwenu, kwa sababu mwenye nyumba atasema « siye mimi nilichimba, ni ba maso (waashi) », na ba maso watasema ni yeye alituma. Mgombane wenyewe kule, sisi tunawaita wote, mwenye nyumba na antreprenere kama yuko, juji atapanga nani analipa nini.

Nyinyi mtaonyesha vitu vitatu: kosa, hasara, na kama ile hasara ilitoka kweli kwa lile kosa. Kosa hapa siyo kuchimba, kila mtu anajenga, kosa ni kuacha shimo wazi pembeni ya njia ya watu usiku bila kitu cha kuonya, na mbao mbili zingetosha. Watasema « sasa yeye hakuona? » Jibu mlijue mbele: kura ilikuwa imekatika, njia ni ya kila siku, hakukuwa alama hata moja. Juji akiona kama mama naye alikuwa na sehemu yake, tuseme alikuwa anaangalia telefone, anaweza kupunguza makuta. Kupunguza, siyo kufuta.

Kwa swali la kuchelewa, hapa njo watu wanapotea sana, soma polepole. Kuna njia mbili na kila moja iko na saa yake.

Njia ya kwanza ni ya penale, yaani ya azabu. Kuumiza mtu bila kutaka, kwa kukosa uangalifu, ni infraksyoni, artikle 52 na 54 za Code penale, azabu ni siku 8 mpaka mwaka 1 wa jela, na amande (faini), ao moja kati ya hizo mbili. Na kwa sababu azabu haipiti mwaka mmoja, serikali nayo iko na mwaka 1 tu wa kufuata ile kesi, kuhesabu toka siku ya tukio. Kwa hiyo mnakuwa na mpaka mwezi wa tatu ujao, mnabakisha miezi minane, na plainte (mashtaka ya kuandika) yenye imelala ndani ya tiroire haisimamishi saa, inatakiwa polisi ao parke (biro ya waendesha mashtaka wa serikali) wafanye kazi kweli, wasikilize watu, waandike PV, karatasi ya maneno yenye watu walisema. Uzuri wa hii njia ni kama mama anaweza kujiunga ndani kama parti civile, juji yule yule wa azabu akate na makuta yake, na kesi ya namna hii inaanzia pa Tripe (tribunal de paix), tribinali ya karibu na watu. Tena kama polisi wanalala, avoka anaweza kufanya sitasyoni direkte, mnamuita yule mtu mbele ya juji nyinyi wenyewe bila kungojea parke.

Njia ya pili ni ya civile, kudai tu marudisho, bila azabu. Hapo saa ni miaka 30, artikle 647. Ndiyo, 30, umesoma vizuri. Hamujachelewa hata kidogo, lakini msilale kwa sababu ya hiyo hesabu, maana mashahidi hawangoji miaka 30, manseba (mjomba) mwenye alibeba mama siku ile anaweza kuwa Kolwezi mwaka kesho.

Mtego mmoja: mtaambiwa « yule alisha kulipa amande, dosie imefungwa ». Kuna kitu kinaitwa amande transaksyoneli, OPJ (ofisa wa polisi mwenye kuchunguza kesi) ao parke anamuambia mshtakiwa alipe kiasi fulani kwa serikali na kesi ya azabu isimame. Ile ni kati yake na serikali. Haki ya mama haijaguswa, njia ya civile ingali wazi.

Ya transporti ya polisi, nasema wazi: plainte kupokelewa hailipiwi. Najua vile inaendaka, nakaa hapa hapa. Muandike plainte kwa karatasi, mpeleke moja kwa moja pa parke, muombe wagonge muhuri wa kupokea kwa kopi yenu, na tarehe. Kopi yenye muhuri iko na nguvu kuliko kulia mbele ya komisaria.

Pruvu. Shimo nafikiri wamesha kulifunga, wanafungaka usiku ule ule. Lakini kuna mtu alipiga foto, tafuta ndani ya grupu ya WhatsApp ya kartie, uliza watoto, na foto uitunze vile ilivyo na tarehe yake, usiipitishe pa programu ya kuipamba. Andika majina na namba za watu watatu wenye walimtoa ndani. Kwa muganga, omba sertifika medikale yenye inasema ni mfupa gani, alifika tarehe gani, na siku ngapi hawezi kufanya kazi. OPJ anaweza kumpa muganga rekizisyoni (karatasi ya kumuagiza) kwa hiyo, na inapendeza zaidi mbele ya juji. Radio (picha za mfupa) za mguu, zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Faktire na ordonansi zote, hata ya parasetamoli ya franka kidogo, muweke ndani ya anvelopu moja, siyo chini ya godoro na zingine ndani ya sakoshi ya dada.

Na hapa nataka nikae kidogo, maana watu wetu wanapoteza mingi. Mama anauzisha mikate, hana karatasi ya mshahara, basi watu wanafikiri siku zenye hakuuza hazihesabiki. Zinahesabika. Lakini juji hawezi kukisia kwa hewa, mpe kitu cha kushika. Mama iko na kaye (daftari) yenye anaandikaka mifuko ya farini anachukua kwa deni? Lete. Kaye ya likelemba yenye inaonyesha alikuwa anaweka kiasi fulani kila juma na toka mwezi wa tatu hakuna kitu? Hiyo nimeiona ikifanya kazi vizuri kuliko hotuba yangu ya nusu saa. Mwenye kumuuzishia farini aje kusema alikuwa anachukua mifuko mingapi kwa juma. Ongeza transporti ya kwenda lopitali, na makuta ya mtoto mwenye aliacha masomo kumsaidia mama nyumbani. Mbali na hiyo kuna domaje morale, maumivu na haya ya kutembea na fimbo, hapo juji anakadiria mwenyewe, wanasema ex aequo et bono, na ukweli ni kama majuji wawili wanaweza kukata namba mbili zenye hazifanani kabisa. Juu ya hiyo msiniulize mama atapata ngapi.

Kwa baba mkubwa, kwa heshima yote: makuta ya mtu yanasaidia kukawiza kesi, hayafuti foto na radio. Lakini yuko na haki kwa kitu kimoja, pa tribinali kunalipwa, kuna ya kuandikisha, kuna ya hisie (mtumishi wa tribinali) kupeleka karatasi, na mkishinda kuna drua proporsyoneli (malipo kwa serikali kufuatana na makuta yenye juji amekata) mbele ya kupewa hukumu ya kwenda kukamata vitu vyake. Kama hamna kitu, ulizeni karatasi ya endijansi (ya kuonyesha hamna uwezo), na pa baro (chama cha ba avoka) kuna biro ya konsultasyoni ya bure, nendeni pale na ile anvelopu. Avoka yeyote mtachukua, bei muandikishe kwa karatasi mbele.

Mimi singeanza na tribinali. Ningeanza na barua ya avoka, ukurasa mmoja, tarehe, shimo, mguu, hesabu mpaka leo, na siku 15 za kujibu. Wengi wenye kujenga etaji hawapendi hisie aonekane mbele ya mulango wao, na mapatano mazuri yanatoka pale, lakini mapatano yenye yanataja pia matunzo yenye yatakuja.

Wasomaji wengine wenye kuuliza ya gari na ya kazi, kwa ufupi: gari, chukua plaki na namba ya asiransi (bima) pale pale, asiransi ya kujibia watu wengine ni lazima kwa kila gari na tunaiita pa tribinali pamoja na mwenye gari, na kama ni gari ya mwaskari dosie inaenda kwa oditora militere (parke ya waaskari), siyo parke ya kawaida. Kazini, patroni anatakiwa kutangaza aksidanti pa CNSS (kasha la serikali la kulinda wafanyakazi), akikataa nenda kwa ispeksyoni ya kazi.

Na ile desharji yake yenye alileta juzi, mdogo wangu, musiipasue na musimrudishie. Haihesabiki kama mtu aliungama, lakini ndani yake, na biki yake mwenyewe, kuna jina lake, tarehe, shimo, na mguu wa mama. Iende ndani ya anvelopu pamoja na radio.