Maswali Yenu Kuhusu Sabato

Mwalimu, neno Jumamosi maana yake ni siku ya kwanza. Inakuwaje basi tuiite siku ya saba, yaani Sabato, siku ya mapumziko?

Majina ya siku katika Kiswahili yanahesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa, siku ambayo Waislamu huswali kwa jamaa, ndiyo maana inayofuata ikawa ya mosi. Hesabu ya Biblia ni nyingine. Luka anaeleza kwamba Yesu alizikwa siku ya Maandalio, yaani Ijumaa, wanawake wakapumzika siku ya Sabato kama ilivyoamriwa, kisha kaburi likakutwa wazi siku ya kwanza ya juma, ambayo ndiyo Jumapili yetu. Majina ndiyo yanayotofautiana. Siku ni ile ile.

Sabato inaanza saa ngapi?

Inaanza jua linapotua Ijumaa na kwisha jua linapotua Jumamosi, kwa kuwa katika Mwanzo 1 jioni hutangulia asubuhi.

Tukienda ibadani, dada wa kazi hubaki akitupikia chakula cha mchana. Je, tunavunja Sabato?

Ndiyo, mnaivunja, na nashukuru kwamba mmeuliza. Amri ya Sabato iliyo katika Kutoka 20 inawataja mtumwa, mjakazi, mnyama na hata mgeni kuwa nao wasifanye kazi, na Kumbukumbu la Torati 5 inaongeza sababu: Waisraeli wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri, ambako hawakuwa na uwezo wa kujipumzisha. Niliwahi kualikwa katika nyumba moja kufungua Sabato Ijumaa jioni, na tulipokuwa tukiimba sebuleni nilimwona binti wa kazi amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, midomo yake ikifuatisha maneno ya wimbo. Sijamsahau.

Dawa yake ni Ijumaa. Jangwani mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli, iliokotwa maradufu siku ya sita, ikaokwa na kutokoswa siku hiyo hiyo. Nanyi pikeni mapema, osheni vyombo pamoja naye, na nguo zake zipigwe pasi pamoja na zenu. Kama yeye ni wa imani nyingine, msimlazimishe kwenda kanisani, lakini pumziko ni haki yake, wala msimkate mshahara kwa ajili ya siku hiyo.

Mimi ni muuguzi, na mara nyingi zamu yangu huangukia Sabato. Nifanyeje?

Nenda kazini kwa dhamiri safi. Yesu alimponya siku ya Sabato mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18, akawauliza waliomlaumu kama wao hawafungui ng'ombe na punda wao siku hiyo ili kuwanywesha maji. Walimu wa Kiyahudi nao hufundisha kwamba kuokoa uhai hutangulia katazo la kazi. Hata hivyo, hesabu za stoo na ripoti ambazo zinaweza kusubiri hadi Jumapili, ziache zisubiri. Na wewe mwenyewe usiitafute zamu hiyo kwa ajili ya posho.